Kwa Uliyejibu kwa Namba Yangu

Asukulu, uliyekuwa mchumba wangu,

Sikuulizi habari. Nimeambiwa uko salama huko ng'ambo, una kazi na chumba chenye joto, na sikufurahi kusikia. Barua hii naiandika wazi, isomwe kanisani kwetu hapa kambini Nakivale na popote wanapokuita mwalimu, kwa sababu ulilonitendea ulilitenda kwa siri.

Unakumbuka siku tuliyokutana. Nilikuwa mjini Mbarara, nimeenda kununua uzi na zipu za cherehani yangu, simu ikaibiwa. Niliingia duka la laini nikiwa na karatasi yangu ya ukimbizi iliyochakaa. Yule muuzaji aliigeuza mara mbili akanirudishia. "Nyabo," yaani mama, "hii karatasi imekwisha muda. Bila kitambulisho, laini hakuna." Nikasimama barazani nalia kama mtoto. Wewe ulikuwa mlango wa pili, unatengeneza kompyuta za watu. Ulitoka ukaniambia kwa lugha ya nyumbani, "Dada, usilie. Kuko namba zenye hazihitaji laini."

Ulinikalisha kwenye kiti cha plastiki ukanieleza mpaka nikaelewa. Namba yenyewe ni ya Kanada, inakaa kwenye intaneti. Simu na ujumbe vinaingia kupitia programu ambayo teknolojia yake ni ya wazi, haimilikiwi na kampuni moja. Mtu anachagua seva anayoitaka, yaani kompyuta ya kutunza akaunti yake, na akitaka kuhama anahama, kama vile barua pepe. Simu ikiibiwa, unaingiza neno lako la siri kwenye simu nyingine na ujumbe wako wote unarudi. "Hii njo uhuru," ulisema. Mimi niliyekwisha kukimbia mara tatu, kila mara nikiacha kila kitu, neno hilo lilinikaa moyoni.

Uliifungua akaunti yangu kwenye seva yako mwenyewe, ile kompyuta iliyokuwa chini ya meza yako. Ukasema, "Neno la siri nitakutunzia mimi, usije ukasahau." Nilikushukuru. Naona aibu sasa kukumbuka jinsi nilivyokushukuru.

Na karatasi, unazikumbuka? Mama na mdogo wangu Mapendo tulipotezana siku risasi zilipolia sokoni kule nyumbani Fizi, na sikuwa nimesikia neno lolote juu yao tangu siku hiyo. Tulikata daftari zima vipande vipande, wewe umeshika mkasi, mimi naandika namba yangu kwa mkono wangu mwenyewe, karatasi baada ya karatasi. Ulinicheka kwa sababu saba zangu naziweka mkanda katikati. Vipande hivyo tuliwapa wafanyabiashara na wachungaji waliokuwa wakirudi miji ya Uvira na Baraka. Uliwaambia, "Yeyote atakayemuona mama yake, ampe hii." Ulisema mama yake. Ulijua vizuri nilikuwa namtafuta nani.

Nilikupenda, na sitalificha hilo ili nionekane mwerevu. Jumamosi ulikuja Nakivale kuwafundisha akina mama kanisani kutumia namba hizo, ukamfungulia kila aliyetaka akaunti kwenye seva yako, na mimi nikakaa benchi la nyuma najivuna. Nilikushonea shati la kitenge, ukalivaa mpaka kola ikapauka.

Kisha binamu yangu aliyeko Amerika akaniandikia nisiwe na haraka ya kuolewa, nikujue kwanza. Sikumwonyesha mtu ujumbe ule. Siku mbili baadaye, tukiwa Rwekubo tunakunywa chai, ukaniuliza, "Binamu yako ana shida gani na mimi?" Nikaweka kikombe chini. Nilikuuliza ulijuaje, ukacheka. Nilikuuliza tena, ukanijibu kwamba seva ni yako na mtu anaruhusiwa kuangalia ndani ya nyumba yake.

Pale pale nilikuambia uchumba umekwisha, nipe neno langu la siri. Jibu lako nalikumbuka lote: "Namba niliandikisha kwa jina yangu. Ukitoka, unaiacha." Kabla sijafika nyumbani, programu kwenye simu yangu ilikuwa imefungwa.

Nilikuja Mbarara mara mbili kukuomba. Mara ya pili nilikuja na mke wa mchungaji. Sikuomba urudishe namba, nilikuwa nimeshakata tamaa nayo. Niliomba kitu kimoja tu, kwamba mtu wa nyumbani akiandika uniambie. Uliweka bisibisi mezani ukatuangalia sote wawili. "Bakiandika, nitakuambia. Mimi si mnyama." Mke wa mchungaji alikuamini. Mimi pia.

Nilirudi kwenye cherehani yangu. Miezi ikapita, nikashona sare za shule, nikashona magauni ya harusi za watu, na kila nilipokutana na mtu aliyetoka Mbarara nilimuuliza kama Asukulu ana ujumbe wangu. Hakuna.

Halafu akina mama wa kanisa la Oruchinga, kambi ya jirani, wakaja kutembelea kanisa letu. Ulipofika wakati wa wageni kujitambulisha, msichana mmoja mwembamba, kichwa kimenyolewa kama mtu aliyefiwa, akasimama akataja kijiji chetu. Nilisikia sauti kabla ya kuona uso. Niliruka mabenchi, Asukulu. Nilimkanyaga mzee wa kanisa. Nilipomfikia Mapendo nikafungua mikono, yeye akarudi nyuma.

"Dada," akasema, mbele ya watu wote, "uliandika eti tumekosea namba."

Sikuelewa. Nilidhani njaa au majonzi yamemchanganya. Akatoa kwenye Biblia yake kipande cha karatasi ya daftari, chenye saba zenye mkanda. Mchungaji wa Baraka alikuwa amempa Mama. Mama aliitambua mara moja, akasema, "Hii ni mwandiko ya Faida." Walipovuka mpaka kuingia Uganda wakapelekwa Oruchinga, na kitu cha kwanza Mama alichofanya ni kuazima simu ya jirani. Ujumbe wa kwenda namba ya Kanada unakula salio jingi, kwa hiyo waliandika kifupi: Faida, ni Mama na Mapendo, tuko Oruchinga, Mama anaumwa. Hawakujibiwa. Wakaandika tena. Mara ya tatu likaja jibu kutoka kwenye namba yangu: Umekosea namba. Usiandike tena.

Mapendo alilia akasema dada ametukataa. Mama alimkataza kunisema vibaya. "Labda iko na sababu. Labda iko na hofu ya kitu." Alikufa wiki tano baadaye. Kutoka nyumbani kwangu mpaka kitandani kwake ilikuwa safari ya asubuhi moja kwa pikipiki.

Kesho yake baada ya ibada ile nilikuja kwako na Mapendo. Mbele ya wateja wako nilikuuliza kama ni wewe uliyejibu. Ulisema ulidhani ni matapeli.

"Walitaja jina langu," nikasema.

"Matapeli banajua majina ya batu."

"Walitaja jina la Mapendo. Tulikata karatasi pamoja kwa ajili ya Mapendo."

Ukainama ukaanza kutafuta kitu kwenye droo. Mapendo akakuuliza kwa upole, upole ambao mimi nisingeuweza, "Ulikuwa na hasira na dada yangu. Mama alikukosea nini?" Uliendelea kutafuta kwenye droo ile mpaka tukaondoka. Baada ya mwezi tukasikia umeondoka Uganda.

Nilizichukia namba za intaneti na kila kinachohusiana nazo. Aliyenirudisha ni msichana Mnyankore anayeuza simu Mbarara, ambaye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nyabo, mashine haina kosa. Pasiwadi ilikuwa na nani?" Nikasema ilikuwa na wewe, Asukulu. "Basi saa hii itakuwa na wewe mwenyewe." Alinifundisha kufungua akaunti kwenye seva nyingine, kupata namba mpya kwa jina langu, na kufunga ujumbe kwa ufunguo ulio ndani ya simu yangu, hata mwenye seva asiweze kuusoma. Hayo yote yaliwezekana tangu mwanzo. Ulijua, na hukumfundisha hata mama mmoja kati ya wale waliokuita mwalimu.

Mimi na Mapendo tuliwafundisha. Tulikaa kwenye mabenchi yale yale, Jumamosi baada ya Jumamosi, tukimhamisha mmoja mmoja kutoka kwenye seva yako. Kila aliyemaliza aliandika barua pepe yenye namba mpya kwa ndugu zake kabla hajainuka. Bibi mmoja muuza dagaa alituuliza kama na yeye kuna ujumbe wake uliozuiwa. Jibu lake unalo wewe, na wewe umemkimbia.

Sasa juzi umepitisha salamu kwa mzee wa kanisa. Unasema Mama alipiga simu pia, mara moja, na sauti yake ilirekodiwa, na unayo. Unasema nikikubali kuzungumza nawe, utanitumia.

Mzee aliponieleza nilikaa chini kwenye vumbi. Siku tatu sikuweza kukanyaga cherehani. Nitasema ukweli: nilikuwa tayari kukupigia. Ningekuita hata mpenzi, nisikie tu Mama akipumua.

Mapendo ndiye aliyenizuia. Alisema, "Mimi nilikuwa namushikia simu. Maneno yake yote niko nayo." Akafunga macho, akanipa kama Mama alivyosema, na kikohozi chake ndani yake:

"Faida, mwana wangu, tulishafika. Usikuye mbio-mbio. Ukule kwanza, njo ukuye."

Basi nimekwisha kuambiwa: nisije mbio, nile kwanza ndipo nije. Sauti itume au usitume, sina mazungumzo na wewe, wala sitakuwa nayo. Ukiituma, mtumie Mapendo, bila salamu. Usipoituma, ikae nawe huko kwenye chumba chako chenye joto, na uwe unaisikiliza wewe uliyemjibu.

Hatuagani. Tuliagana zamani pale Rwekubo.

Faida,
binti mkubwa wa Mama huyo