Kimfuko cha Pampu

Mjukuu wangu Nekesa,

Natumai baridi ya Eldoret haijakushika kifua. Hapa Muthangari mvua haikatiki. Nyanyako haondoki tena kitandani, na shangazi yako amefunga saluni yake pale Kenyatta Market ili amwangalie.

Umeniuliza ukija utasaidia nini, na wewe si daktari.

Nilipokuwa kijana nilikuwa napima mizigo ya ndege ndogo hapa Nairobi. Kulikuwa na daktari aliyebeba baiskeli ya kukunja nyuma ya kiti chake, maana huko alikokuwa akitua zahanati ilikuwa mbali. Siku moja mzigo ulizidi kidogo. Nikatoa kimfuko cha pampu na viraka, nisimwambie. Miiba ikatoboa gurudumu njiani, akaenda kwa miguu. Alimkuta mama aliyekuwa akijifungua ameshakata roho.

Aliporudi hakunigombeza. Alikiweka kile kimfuko kwenye mizani, akaniambia, "Soma." Mshale haukusogea.

"Basi kaa nacho," akasema.

Ninacho hadi leo, chini ya kitanda cha nyanyako. Njoo, Nekesa.

Babu yako