Samasoti ya Zuhura

Kilwa Masoko, Jumapili

Hamisi,

Salamu utazikuta huko chini, ukizistahili. Kwanza nikuulize: mtu mzima mwenye ndevu, baba wa watoto wanne, unamtumia binti yako sauti kwenye simu kumwambia, "Ukivunjika shingo usiniite baba"? Sasa aliyevunjika shingo amwite nani? Mtoto ameisikiliza sauti ile mara sita, mimi nahesabu, kisha akakaa kizingitini kama aliyefiwa. Ningekuwa huko kwenu Rutamba ningekufinya sikio mbele ya mkeo.

Nimeandika karatasi kwa sababu kwenye simu nikianza kukukaripia unasema mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao. Na mwandiko usiucheke. Nimesoma ngumbaru tu, lakini herufi zangu zinasimama kuliko zako wewe wa darasa la saba.

Haya, hujambo? Mkwe wangu na wajukuu hawajambo? Mikorosho imeanza kutoa maua? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila goti, na maji ya hapa yana chumvi mpaka chai unaidhani mchuzi. Vitumbua vyangu vinaisha kabla ya saa tatu asubuhi. Mliniweka huku nimwangalie Zuhura anaposoma, na namwangalia kwa macho yote mawili.

Umesikia kwa watu kwamba mwanao anarushwa kinyumenyume kama chapati. Harushwi, anaruka mwenyewe. Yumo kwenye kikundi cha sarakasi cha shule, wasichana watupu, na wanavaa suruali ndefu, kwa hiyo hilo neno lako la pili, la mavazi, limeze. Jumamosi ijayo ni siku ya wazazi. Wenzake watapanga mnara, halafu yeye atapiga samasoti ya nyuma mbele yao, asimame kwa miguu yake. Tangu ateuliwe hana jingine kichwani.

Niliogopa na mimi, nisikufiche. Siku ya kwanza nilimkuta anajaribu uani peke yake, juu ya saruji. Nilitupa upawa nikamdaka ushungi.

"Bibi, kidogo tu!"

"Kidogo ndiyo kaburi lenyewe! Nani kakushika?"

Hakuna aliyemshika. Usiku nikawaza: nikimkataza ataruka nisipokuwepo, bora aruke nikiwepo. Asubuhi nikamfuata mwalimu wao, Mwalimu Somoe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita kivuko. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akaniambia, "Bibi, badala ya kupiga kelele, nitafutie kitu cha kuangukia. Shule haina."

Nikasema kumbe hilo tu. Nikashona magunia manne nikayajaza ile sufi uliyonitumia ya mito. Nikajisifu mtaa mzima. Zuhura akaruka, mwalimu kamshika mgongo, akashuka, sufi ikakimbilia pembeni zote, kisigino kikagonga chini, paa! Alichechemea siku nne. Nimelala kwenye sufi tangu nizaliwe, sikujua kuwa ni ya kulalia, si ya kuangukia.

Nikaenda kwa Bwana Akbari, yule Mhindi wa duka la nafaka, kuomba magunia mengine.

"Magunia kumi ya nini, Bibi? Unahama?"

"Nafundisha watoto kuruka kinyumenyume."

"Siku ukiruka wewe nifunge duka nije kutazama."

"Funga wiki nzima, maana ukiniona mimi hewani hutauza kitu tena."

Alicheka mpaka akaongeza na godoro la sponji lililoliwa na panya pembeni. Safari hii nikajaza usumba, makumbi ya nazi yaliyopondwa na kuanikwa, nikashindilia kwa mchi, nikashona magunia yote pamoja, sponji juu. Hapo hata ng'ombe akianguka atashukuru.

Na ule mgolole wangu wa mbeleko, uliokubeba wewe na dada zako, ndio nimemfunga Zuhura kiunoni. Mimi nashika ncha hii, Mwalimu Somoe ile, akiruka tunampunguzia uzito. Hakuanza na hilo lakini. Wiki mbili alikuwa anaruka juu tu na kushuka kwa magoti laini. Wiki nyingine kujiviringisha nyuma juu ya pipa lililolazwa, lililofungwa mkeka. Hakuna anayeruka peke yake, hakuna anayeruka ameshiba, na pini zote za ushungi nazikusanya mimi mlangoni natia kwenye kopo. Wananiita askari wa pini. Waite.

Alikuwa amefika pa kuruka na mkono mmoja tu wa mwalimu mgongoni, anashuka vizuri, anacheka. Ndipo sauti yako ikaingia. Kesho yake akaruka, akafika juu, akajikunja kama aliyekumbuka kitu, akaanguka kwa bega. Godoro limemwokoa, hana hata mchubuko. Mwalimu kasema hatari kubwa ni kughairi ukiwa juu.

Nikamuuliza, "Unaogopa kuanguka?"

"Siogopi kuanguka, Bibi. Nikiwa juu namsikia baba."

Umeelewa, Hamisi? Sasa nitasema jambo, na nitalisema kwenye karatasi hii tu, usije ukanitaka nilirudie. Ulipokuwa na umri wake uliruka nyuma kutoka juu ya rundo la magunia ya korosho, ukavunjika mkono. Mimi sikutazama ulikoangukia. Sikuuliza nani alikushika. Nilikuchapa huku mkono unaning'inia, ndipo nikakupeleka ukafungwe. Tangu siku ile hujapanda hata ngazi. Paa lako anaezeka shemeji yako. Woga ule nilikutia mimi. Nilikosea. Lakini mwanao usimrithishe, mimi nipo hai na nakataa.

Nisalimie mkwe wangu, mwambie ile mihogo aliyoanika isiwe na mchanga kama ya mwaka jana. Shangazi yako mwenye kisukari aache sukari, asinisingizie mimi kuwa nilimruhusu. Mjomba wako mwadhini mwambie namuombea sauti irudi. Wajukuu wadogo wabusu, huyo wa mwisho mpanguse kamasi kwanza. Zuhura anasema shikamoo, kasema kwa sauti ndogo.

Sasa sikiliza. Usiniambie palizi, magugu yatakungoja. Karatasi hii atakupa dereva wa basi la huko siku ya Jumanne. Jumatano ulale Lindi kwa dada yako pale Rasbura, Alhamisi alfajiri panda gari, adhuhuri uwe hapa. Ukifika usihubiri. Nawa mikono, vua viatu, simama kando ya godoro, Mwalimu Somoe atakuonyesha pa kumshika. Mwambie mwanao "ruka" kwa mdomo wako mwenyewe, uifute ile sauti. Alhamisi na Ijumaa uweke mkono mgongoni mwake. Jumamosi uutoe.

Mama yako,
Bi Mwanahawa