Kaburi la Baba Lilichimbwa na Tingatinga

Mpendwa Bi Barke,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo nisiloweza kulirudisha nyuma, maana hasira niliyo nayo hainipi usingizi, na mke wangu Dorcas ndiye aliyeniambia nikuandikie badala ya kuwapigia kelele watoto wasio na kosa.

Mimi ni mzaliwa wa Mwakirunge lakini naishi Port Reitz, nafanya kazi kwenye kiwanda cha unga huku Changamwe, zamani nilikuwa mpagazi wa magunia na sasa magunia yanabebwa na mkanda, mimi nasimama kando nabonyeza vitufe, kazi safi, mgongo hauumi, lakini wale tuliokuwa tukibeba nao sijui hata waliko. Hilo si shauri lililonileta. Lililonileta ni habari ya marehemu baba yangu, Mzee Changawa, na kaka yangu mkubwa Kazungu, ambaye tangu siku ya mazishi simwiti tena kaka.

Baba alikuwa mkata mawe. Wewe ni mtu wa Pwani, unajua nyumba nyingi za Kisauni zimejengwa kwa mawe ya machimbo, na wakati wa baba jiwe lilikatwa kwa mkono, mtu na shoka lake na mtaimbo wake, tangu asubuhi mpaka jua la utosi, na wanaume walikuwa wengi hata ukipita barabarani unasikia vyuma vikilia na watu wakiimba. Kisha tajiri mwenye machimbo akaleta mashine ya msumeno, watu wawili tu wanaiendesha, baba na wenzake wakaambiwa asanteni, wengine wakaenda kusukuma mikokoteni ya maji, wengine wakahamia Malindi, wengine ulevi wa mnazi ukawachukua. Halafu likaja tingatinga, lile lenye mkono mrefu na mdomo wa chuma wa kuvunjia mwamba, na nani akafundishwa kuliendesha? Kazungu, mwana wa Changawa! Baba sima iliyonunuliwa kwa mshahara ule aliila, lakini kwenda kulitazama lile dude hakwenda hata siku moja.

Kazi moja ilimbakia, nayo haina mshahara, kuchimba makaburi. Kwetu ardhi ni mwamba mtupu, ukipiga sururu inatoa cheche, na kwetu wafiwa hawachimbi, wanachimbiwa na majirani, na baba ndiye aliyekuwa akiwaongoza wachimbaji. Awe Mgiriama, awe mgeni wa bara, awe mpangaji ambaye hata kwao hakujulikani, akifa mtu baba yuko shimoni tangu alfajiri. Wachimbaji wakimaliza hupakuliwa chakula chao kwanza, sima na kuku, hakuna anayegusa sufuria kabla yao, hata mchungaji hungoja.

Sasa amekufa yeye. Nilifika siku ya mazishi yapata saa sita mchana, kwa sababu ya zamu na foleni ya Makupa, na nikiwa bado njiani nikasikia mngurumo, nikadhani ni jenereta ya vipaza sauti. Bi Barke, lilikuwa tingatinga! Kazungu amekaa huko juu na suti yake ya mazishi, anamchimbia baba kaburi kwa dude la tajiri yule yule aliyemfukuza baba kazi, na vijana wamezunguka wanarekodi kwa simu kama wako uwanjani. Sijamaliza kuwasalimia wazee, shimo tayari. Hata injini hakuizima, mchungaji akaanza kuomba akishindana nayo mpaka mtu akampungia Kazungu mkono. Akashuka ameshusha kofia mpaka puani, hamtazami mtu, hata kuniamkua hakuniamkua, akaenda kusimama peke yake nyuma ya lile dude mpaka tukamaliza kutupa mchanga. Si aibu hiyo?

Kilichonichoma zaidi ni mama. Mama yetu, Dama, alitoka jikoni na sinia la wachimbaji kama ilivyo ada, sima na kuku mzima, akasimama uani akitazama huku na huku, hajui ampe nani, kwa sababu hakukuwa na mchimbaji. Watu wote wanamtazama tu. Mwishowe akaliweka chini tu, akarudi ndani, nami hapo nikapandwa na mori, nikamkunja Kazungu shati mbele ya wazee, nikamwambia amemzika baba kama bomba la maji taka. Yeye akaniambia, "Ulitaka achimbe nani? Hebu nitajie jina." Nikamwambia majirani! Akaondoa mkono wangu, akaenda zake.

Na usidhani mimi ni mtu wa kukwepa misiba, Bi Barke. Emmaculate, jirani yetu wa Mwakirunge, alipofiwa na mumewe nilituma mchango kwa simu siku hiyo hiyo, wengine wote waliokufa pia nimetuma, sijaruka msiba hata mmoja, na majina yangu yanasomwa hadharani, kwa hiyo majirani hawana cha kunidai, na ndiyo maana sielewi kwa nini baba yangu akose watu wa kumchimbia.

Majuzi mama aliniita chumbani kwake, mwili hauna nguvu tena, akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, mimi msije mkanichimbia na lile dude. Niapie." Nikarudi Port Reitz kabla sijamwapia. Sasa nataka nimwapie, tena nataka niende kwa wazee wa ukoo Kazungu apigwe marufuku, siku ya mama ikifika asikanyage pale yeye wala mashine yake, ijapokuwa ni yeye anayeishi na mama na kumtunza. Dorcas anasema nimepotoka. Nishauri, mama yangu, maana nikikutana na Kazungu kabla ya kusikia kutoka kwako sijui nitafanya nini.

Mwana wa Changawa,
Port Reitz

*

BI BARKE ANAJIBU

Marahaba, mwana wa Changawa, na pole kwa msiba. Mola awape subira. Maneno matamu nimeyamaliza hapo. Sasa kaa kitako unisikize.

Kukasirika una haki. Hata mimi barua yako ilinipandisha damu. Watu wametumika machimboni mpaka viganja vikafa ganzi, ikaja mashine, wakaambiwa asanteni kama wageni waliokunywa chai, na aliyeuliza kesho watakula nini hakuwako. Hiyo ni dhuluma, wala sitaiita maendeleo ng'o. Lakini mbona huyo tajiri humkasirikii? Umempa maneno mawili matatu, ukampita. Hasira yote umempelekea nduguyo, kwa kuwa nduguyo yuko karibu na shati lake lakunjika.

Tena wajisifu! Misiba yote umetuma mchango kwa simu. Yote! Ebo! Simu yashika sururu? Mume wa Emmaculate alipokufa, nani aliyeingia shimoni? Si babako, mzee wa watu na magoti yake, nawe uko Port Reitz wabonyeza? Wamlaumu Kazungu kuzika kwa mashine, kumbe wewe ulianza zamani, tena kwa mashine ya mfukoni isiyonguruma, mtu asijue. Nyani haoni kundule. Waniambia majirani hawana cha kukudai. Wanacho, mwanangu. Wakudai jasho, nawe miaka yote hiyo umekuwa ukiwalipa kwa kitu chengine.

Nduguyo alikuuliza swali la haki, umtajie jina, na jina hukuwa nalo. Ungelipata wapi? Walioweza kuuvunja mwamba ule ndio hao waliotawanywa machimbo yalipowatema. Waliobaki ni wazee, na mkubwa wao alikuwa ndani amefunikwa shuka. Na hao vijana wa kurekodi, nani amewafundisha? Wamekua wakiona kaka zao wa mjini msiba ukitokea hutuma pesa, majina yakasomwa, watu wakapiga makofi, basi. Wameiga mlichowaonyesha. Kwetu Waislamu, maiti akikosa wa kumzika mtaa mzima una dhambi, na sidhani kwenu Mwakirunge wazee walifundisha tofauti. Watu huzikana.

Haya, na hiyo kofia. Wasema Kazungu alificha uso kwa aibu. Mimi nimezaa na nimezika, nakwambia yule alikuwa akilia. Hebu jiweke mahali pake. Kumekucha, maiti ya babako yangoja, watazama njiani haji mtu na sururu, jua lapanda, na mila yasema mfiwa hachimbi. Mdogo wako yuko kwenye foleni. Ungefanyaje wewe? Akapanda juu ya chuma kile, akavunja mila mbele ya macho ya watu ili babake apate pa kulala. Lile sinia lilikuwa lake. Nyote mlikuwa pale uani, wazee kwa mchungaji, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mamako, mpe huyu. Wewe ndiye uliyekuwa wa kulisema hilo, nawe ukamkunja shati! Wallahi ningekuwa pale ningekuzaba kofi.

Sasa habari ya mamako. Usimwapie. Nasema usimwapie! Kiapo ni cha mtu mmoja na kidole kimoja hakivunji chawa, sembuse mwamba. Utaapa leo, siku ikifika utasimama pale na kiapo chako mdomoni, mikono haiko, na bibi wa watu atakuwa amedanganywa kitandani pake. Na hayo ya kumpiga marufuku Kazungu, ukithubutu kuwapelekea wazee nitatoka Likoni mwenyewe na buibui langu nije niwaambie wakucheke. Anayemtunza mama ni yeye. Anayemtegea sikio akikohoa ni yeye. Wewe umejitwalia cheo cha mlinzi wa mila na hata sururu huna nyumbani.

Jumamosi hii nenda Mwakirunge. Mwombe Kazungu msamaha, si chumbani, ni mbele ya wale wale waliokuona ukimkunja shati. Akikutukana, meza. Kisha mwambie hivi: "Kaka, akifa mtu huku, awe nani awe nani, nipigie mimi kabla hujawapigia wa mchango." Nunua sururu yako. Kazini utabadilishana zamu na wenzako, na wakikukata mshahara wa siku, wakate. Uwe umefika kabla ya jua, uvue shati uingie shimoni. Utachubuka, utacheka mwenyewe unavyoshika mpini, na wazee watakucheka zaidi. Vyema. Vijana wakitoa simu warekodi, wape mtaimbo. Mwamba ukiwashinda kabisa, Kazungu alete tingatinga livunje pale pagumu, nanyi mmalizie kwa mkono. Sioni haramu hapo. Mamako ameona mashine maisha yake yote, hata unga wa sima yake wasagwa kwa mashine. Alichokiona siku ile ni uwanja umejaa watu na hakuna aliyetokwa na jasho kwa ajili ya mumewe.

Akikuuliza tena uape, mwambie umenunua sururu, na umwambie ni msiba wa nani umetoka kuchimba.

Na ukiona kazi hiyo ni nzito, Port Reitz ni mbali, zamu hazibadilishiki, basi ni sawa, hakuna atakayekufunga. Ila siku ya mamako ikifika, usimguse mtu shati. Simama kando, unyamaze, na umpishe Kazungu apande awashe mashine.