Nafasi Ambayo Hukuikataa

Mwalimu,

Shikamoo. Leo siingoji marahaba yako, nina hasira.

Tumekuzika mwezi uliopita huko Mkunya, na udongo haujakauka wameshaanza kukusingizia. Mgeni kutoka ofisi ya elimu alisimama msibani akasema uliwahi kupewa nafasi ya kwenda chuo kikuu, ukaikataa kwa kuwapenda watoto wa kijijini. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikanyamaza. Nisamehe.

Uliikataa lini? Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba "turn down" ni kukataa ulichopewa: kazi, mwaliko, posa. "Kwanza kitolewe," ulisema, "ndipo ukikatae." Ukatoa korosho za kukaanga mfukoni, ukatupitishia mmoja mmoja tuzikatae kwa Kiingereza. Nani angemkatalia mkubwa? Tulipokea kwa mikono miwili, tukala, kipindi kikaisha bila sentensi hata moja. Ulicheka mpaka ukakalia meza. "Nyie mmelelewa vizuri mno, Kiingereza kitawashinda!"

Uliomba mara tatu, Mwalimu. Mara zote tatu wao ndio waliokataa. Barua ya mwisho ilipofika nilikuwa kwako, nimeshaanza kufundisha. Uliisoma, ukaikunja, ukaniuliza kama nimemaliza kusahihisha madaftari. Nililia njia nzima kurudi Mnyambe.

Sasa sikia. Juzi na mimi nimeomba kwenda kusoma. Mkuu wangu wa shule, hata fomu hakuifungua. "Mwalimu wako alipewa akakataa. Wewe una haraka gani, mama?" Hawana haya! Walikunyima ukiwa hai, leo wanakutumia ukiwa kaburini kuninyima mimi.

Mkeo, Mama Hadija, alizitunza barua zote tatu, kazikunja pamoja na kanzu yako. Amenipa. Alinishika mkono tu. Arobaini yako ni Ijumaa, na yule mgeni amealikwa. Ale wali, ashibe. Dua ikiisha nitasimama nizisome zote mbele yake, sauti itetemeke isitetemeke. Jumatatu nitapeleka ombi langu tena.

Najua watakuja na maneno matamu, pengine na kicheo cha kunifunga mdomo. Lala salama, Mwalimu. Nakuahidi, wakinipa hicho nitakikataa, kwa sentensi nzima.

Mwanafunzi wako aliyekula korosho,
Somoe