Waya wa Amplifaya ya Mama Kendi

Jumapili, Meru. Manyunyu tangu alfajiri na baridi ya kuuma vidole. Chai imepoa mezani, sijaigusa.

Jana jioni nilimfungia Mama Kendi amplifaya kwenye gari lake la viti saba, ili akina mama wa kwaya wasikike kwenye mkutano wa injili leo huko Karurumo. Waya wa umeme, ule mwekundu mnene, unatoka kwenye betri, unapita tundu la ukuta wa chuma nyuma ya injini, kisha chini ya kapeti hadi kwenye buti. Tundu lile lina makali. Ndiyo maana huvishwa mpira wa duara, chuma kisiusugue waya.

Leo asubuhi nilikuwa nafua ovaroli hapa Majengo. Mpira ulikuwa mfukoni.

Nilikaa kwenye sementi iliyolowa. Fyuzi nayo niliifunga nyuma karibu na amplifaya, na mahali pake ni karibu na betri. Waya ukichunika ukagusa bodi, hakuna cha kuukata umeme. Gari litashika moto, na ndani mna akina mama sita pamoja na yeye.

Nilipiga simu mara kumi na moja, haishikwi. Nikaomba Mungu, mimi ambaye kanisani huonekana Krismasi tu.

Mara ya kumi na mbili akashika. "Fundi, tumesimama hapa Runyenjes kidogo. Kwani ni nini?" Nyuma yake walikuwa wakiimba. Nikamuuliza kama kuna harufu yoyote.

"Iko kaharufu ka kuungua. Tulifikiri ni leso ya mtu aliunguza na pasi."

Nilimwambia azime gari, watoke wote, afungue boneti. Alegeze kwanza negativu ya betri, ndipo atoe waya wangu, kisha airudishe. Nikamsikia akihema, spana ikigonga chuma.

"Fundi, hii waya imekwaruzwa mpaka shaba inaonekana."

Nikamwambia samahani mama, nilisahau kuweka mpira.

"Aii, kusahau si ni ya kila mtu? Mungu ndiye amekukumbusha. Sisi tutaimba tu na midomo." Akaniombea palepale kwenye simu. Wenzake wakaitikia amina, na mimi nikaitikia.

Sikusahau.

Mpira ulikataa kuingia. Tundu lilitaka kupanuliwa kidogo, mvua ilikuwa inakuja, naye alishawasha gari. Niliutia mfukoni nikijua ninachofanya, nikafunga boneti na kumwambia, "Iko sawa kabisa, mama."

Saa hizi huko Karurumo lazima wanashuhudia jinsi fundi wa Majengo alivyookoa kwaya. Naona haya mpaka masikio yanawaka.

Kesho saa mbili ananiletea gari. Kulirekebisha ni kazi ya nusu saa. Lakini nitamwambia ukweli kabla sijagusa boneti, kwa maana nikishainama kwenye injini, najijua, sitainua uso tena.