Aliyekujibu Kwenye Simu

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji. Mnaendeleaje? Sisi huku tupo, ila mimi nina jambo limenikaa rohoni, hata usingizi sipati. Tafadhali usinicheke mwandiko. Siku hizi herufi zangu huanza kubwa zikaishia kama sisimizi, na kwenye kioo cha simu vidole vinagusa kila kitu isipokuwa ninachotaka.

Biashara ya mitumba inakwenda. Lakini yule dada yako uliyembandika jina la Tarumbeta, aliyekuwa akinadi magauni mpaka wauza viatu wa mwisho wa soko wanaziba masikio, hayupo tena. Kule kutetemeka kwa mkono nilikokuambia ni uchovu, kumbe si uchovu. Daktari wa neva amesema ni ugonjwa wa Parkinson, na sasa umeingia kwenye usemi. Sauti imefifia, maneno yanakimbizana na kumezana. Mteja mmoja aliniuliza kama nimeanza kulewa asubuhi. Kwa bahati, kipaza sauti cha kibandani kina sauti yangu niliyoirekodi zamani, basi hiyo ndiyo inayonadi, nami nimekaa pembeni kimya, kama mgeni kwenye kibanda changu.

Niliona haya kukuambia. Kila ulipopiga simu, nilimpa binti yangu, huyu mwanao, aongee badala yangu. Unajua alivyorithi sauti yangu, hata baba yake hutuchanganya. Mwanzoni nilidhani ni salamu tu, halafu nitakueleza. Ukasifu ninavyosikika kama msichana. Nikafurahi, mjinga mimi, nikazidi kunyamaza.

Siku ile ulipopiga ukilia, ukauliza kama uifunge saluni kwa sababu shemeji hataki mke wa kushinda nje, aliyekujibu kwamba funga, ndoa kwanza, hakuwa mimi. Alikuwa mwanao. Nilipomgombeza alisema alidhani ndivyo dada mkubwa anavyotakiwa kusema. Simlaumu, simu nilimkabidhi mwenyewe. Nilikuwa kitandani pembeni yake. Nilimvuta gauni, nikajaribu kusema hapana, ikatoka pumzi tu. Ningeweza kumnyang'anya simu. Sikufanya hivyo, kwa kuogopa usije ukanisikia nilivyo. Nilificha aibu yangu, nikaacha saluni yako, uliyoianza na kiti kimoja cha kuazima, ipotee kwa neno ambalo sikulisema. Nisamehe, mdogo wangu. Nimekukosea sana.

Juzi ulisema mwisho wa mwezi unakabidhi funguo. Ndiyo maana barua hii nampa dereva wa basi akuletee mkononi.

Mtaalamu wa mazoezi ya usemi amenipa kazi ya nyumbani: nichague neno moja, nilitamke kwa nguvu kila asubuhi, kana kwamba nanadi. Wagonjwa wenzangu wamechagua majina ya wajukuu zao. Mimi nimechagua "usifunge". Mama wa chumba cha pili ameshaniuliza ni mlango gani huo.

Jumapili nitakupigia mwenyewe. Ukisikia kimya, usikate. Wala usinimalizie neno, hata likichelewa. Ningoje tu, ndiye mimi huyo.

Mwanao anakuamkia, naye anaomba radhi. Msalimie shemeji, lakini barua hii isome peke yako.

Ni mimi dada yako,
Tarumbeta