Walichokiona Watoto Kwenye Video ya Darasa Langu

Mama Elda mpendwa, amahoro. Nisaidie kupitia safu yako ya ushauri gazetini.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne huku kando ya ziwa, upande wa Minago, na mwezi uliopita alikuja mtafiti wa chuo kikuu, Bwana Cubaka, akaweka kamera pembeni ya darasa langu, wazazi walikubali, direkteri wa shule naye alikubali, na kazi yake ni kwamba kipande kilekile cha video anamwonyesha mwalimu, kisha walimu wenzake, kisha wanafunzi, kila mtu aseme anaona nini. Katika kipande kimoja msichana, nitamwita Amal, anainama chini ya dawati katikati ya hesabu. Mimi nilisema hafuati somo, mwenzangu Darius akasema nafundisha haraka mno, lakini watoto walipoulizwa, rafiki yake akasema polepole, "Anajificha. Direkteri amepita dirishani. Anamwitaga ofisini tukishaenda nyumbani."

Tukaangalia vipande vingine, na kweli, mama, kila yule mtu anapopita dirishani mtoto anainama, na mimi niko palepale naandika ubaoni, nimewapa mgongo. Sasa Ijumaa video itaonyeshwa kwa walimu wote na direkteri akiwemo, Cubaka anaogopa utafiti wake utavunjika, mimi naogopa kufukuzwa na nina mama mgonjwa, na jana direkteri aliniita ofisini, akafunga mlango, ndipo akaniuliza watoto walisema nini. Nilisema sikumbuki. Nifanye nini?

Mwalimu V.

Mwalimu V., pole. Mtu anayefunga mlango kwanza ndipo aulize, hata mimi ningemwogopa. Lakini umenieleza habari za kazi yako na utafiti wa Cubaka, na hukuniambia kama mama yake Amal anajua lolote. Hapo nilikasirika, na ndiyo maana sikungoja gazeti, nikakupigia simu siku ileile.

Nilikuambia kikao cha Ijumaa kisiwepo, kwa sababu direkteri angetambua nani amesema. Nilikuambia uende kwa mama yake Amal na usimhoji mtoto wewe mwenyewe. Uliogopa, lakini ulikwenda. Cubaka naye aliahirisha kikao na kuipeleka video mwenyewe kwa wanaolinda watoto pale komini, kwenye ofisi ya serikali ya eneo. Amal sasa yuko kwa shangazi yake, kule Kizuka, na mama mmoja aliyesomea kazi hiyo anazungumza naye. Ndipo nimekubali kuichapa barua yako, majina na mahali nikiwa nimevibadilisha.

Direkteri bado yuko kazini, najua. Akikuita, usiingie peke yako, nenda na Darius. Wachunguzi wakikuuliza, sema ulichokiona tu. Video haionyeshi kilichotokea ofisini, inaonyesha mtoto anayeogopa. Usiongeze neno, usipunguze.

Na yule rafiki yake Amal, ndiye aliyesema, bado anakaa darasani mwako. Masomo yakiisha, mshike mkono umfikishe kwao wewe mwenyewe, kila siku, mpaka jambo hili liishe.